Kamati za Harusi, Mpangieni na Mgeni

Ndugu zangu wa Bagamoyo, wa Dunda, Magomeni na Nianjema, wa Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga, nanyi wa Bunju na Tegeta ambao siku hizi harusi zenu na zetu hazina mpaka: nina ombi, na nalielekeza kwa kamati za harusi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina na nyote mnaoketi Jumapili jioni kwenye viti vya plastiki mkisomewa ahadi, nisikilizeni kidogo kabla hamjafunga bajeti.

Karatasi yenyewe naijua. Juu kabisa ukumbi, halafu mapambo, chakula, vinywaji, keki, picha na video, gari la maharusi, muziki, MC, na chini kabisa dharura. Mstari wa mgeni haumo. Mtaniuliza chakula na vinywaji ni vya nani kama si vya wageni. Kweli, na Mungu awazidishie. Ila mgeni wa harusi hakufuata pilau. Pilau hata kwake inapikwa. Amekuja kufurahi na watu wake, na kazi hiyo ya kumfurahisha tumeiachia spika.

Mfuateni mgeni huyu jioni moja tu. Amechanga kwa miezi, kidogo kidogo, kwa kadi ambayo siku hizi mara nyingi kima chake cha chini ni shilingi 50,000 kwa mtu mmoja na 100,000 kwa wawili. Ameshona sare. Amepanda daladala Makumbusho, akasimama mpaka Tegeta ndipo akapata kiti. Kadi imesema saa 12 kamili jioni, na kwa kuwa ni mtu wa heshima, saa 12 na nusu yupo mlangoni. Ndani hamna mtu isipokuwa mpambaji aliye juu ya ngazi akifunga kitambaa. Maharusi bado wako ufukweni, wanapigwa picha penye majahazi. Wanaingia saa 3. Unafuata utambulisho wa meza kuu, utambulisho wa kamati, ukoo wa baba usimame tuwaone, ukoo wa mama usimame, majirani, wafanyakazi wenzake, waliosoma naye. Keki. Kufungua shampeni. Nasaha za upande huu na za upande ule. Sahani ya kwanza inafika mezani saa 5, na kwa wakati huo watoto wameshalala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, wamefunikwa mitandio ya mama zao.

Njaa huvumilika. Linaloniudhi mimi ni jingine. Shangazi ametoka Pangani, hajaonana na mdogo wake tangu msiba wa mwaka juzi. Kamati, kwa wema wake, imewapanga meza moja. Halafu nyuma ya meza hiyo imesimamishwa spika yenye kimo cha mtu mzima. Wale dada wawili wanashika mikono, wanainamiana masikioni, mmoja anapaza sauti, mwingine anatikisa kichwa kuwa hakusikia. Baada ya mara ya tatu wanaacha. Wanageukia jukwaa, wanatazama wenzao wakipigwa picha, mpaka saa ya kuondoka. Wameitwa harusini wakageuzwa watazamaji, tena kwa mchango wao wenyewe.

Haya hatukuyarithi kwa mtu. Nendeni kwenye shughuli Kaole au Mlingotini muone. Siku moja kabla, wanawake wako kwenye jamvi uani, mchele umemwagwa kwenye nyungo, vitunguu vimejaa mabeseni, wengine wako kwenye mbuzi wanakuna nazi. Mgeni wa mbali akifika hapo hapewi kiti cha kukalia akitazama. Anapewa ungo. Kabla mchele haujaisha kuchambuliwa ameshajua nani mama wa bwana harusi, nani mke mwenza wa nani, nani aliyekwenda Muscat akarudi na maneno mengi, na yeye mwenyewe ameshatajwa kwa jina mara kadhaa. Kesho yake akiingia kwenye ngoma anaingia kama mtu wa hapo.

Upande wa wanaume ni vivyo hivyo. Ndoa ikishafungwa, mikeka inatandikwa barazani na chini ya mwembe. Kijana anapita na birika na beseni, ananawisha wazee kwanza, kisha waliotoka mbali. Sinia linawekwa katikati ya watu wanne au sita, na hapo huna namna ya kukaa kimya, maana mkono wako na wa mwenzako inakutana kwenye pilau moja. Mwenye shughuli hakai kula. Anazunguka na bakuli, anainama kwenye kila sinia: "Hapa nyama imetosha? Kachumbari ipo?" Hiyo ndiyo burudani ya kwanza ya mgeni, kuonwa. Sijawahi kuona MC aliyeiweza hiyo kwa maiki.

Mji huu ulizoea kupokea watu kabla ya kumbi zote hizi. Karne ya 19 misafara kutoka Unyamwezi na Ujiji iliishia hapa, wapagazi kwa maelfu, wakilala, wakila, wakicheza ngoma zao mpaka waondoke tena. Na wapo waliofika wakiwa minyororoni, jambo ambalo tusilipambe hata kidogo. Mtu wa hapa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Kitabu hicho kinaeleza ndoa, karamu na ngoma za Mrima kwa undani ambao mwanakamati yeyote angefaidika nao kuliko kutazama video za harusi za watu. Anayekisoma anaona watu wana kazi zao, zamu zao na haki zao, kuanzia posa hadi siku za mwisho za sherehe. Mtu wa kukaa tu na kutazama humwoni. Shuleni kwetu jina la mzee huyu halitajwi inavyostahili.

Sasa nije kwenye ngoma, maana hapo ndipo ombi langu lilipo.

Mnaojua mdundiko mnajua kuwa hauanzi kwa kupigwa, unaanza kwa moto. Nyuma ya nyumba kijana amekusanya makuti makavu na vipande vya boksi, ameyawasha, na ngoma zimeinamishwa kuzunguka moto huo, ngozi zikiuelekea. Mpigaji anaokota moja, anaigonga kwa ncha za vidole karibu na ukingo, anatega sikio, anairudisha. Anaokota nyingine. Bado. Watoto wameshamzunguka, maana wanajua kitakachofuata. Anagonga tena, safari hii ngozi inaitika kwa sauti kavu, na papo hapo mama mmoja aliyekuwa anaosha sufuria anasikika akipiga kigelegele bila kugeuka. Shughuli imeanza, na hakuna aliyeitangaza.

Ngoma hii ya Wazaramo haikai mahali pamoja. Inatoka, inapita mitaani, na watu wanaingia nyuma yake mmoja mmoja, mwenye kujua kucheza na asiyejua. Ndiyo maana wazazi wa zamani walikuwa wakiusikia mdundiko wanawafungia watoto ndani, wasije wakaufuata mpaka mji wa pili. Haikuulizi kadi yako ni ya mtu mmoja au wawili. Bibi wa miaka sabini anaucheza kwa kiuno kidogo tu na leso mkononi, na kijana wa chuo anajikuta anamwiga. Hiyo ndiyo kazi ambayo spika haiwezi, kwa sababu spika haimwoni anayecheza. Mpigaji humwona. Bibi akichoka, ngoma inapoa. Shangazi akiingia kati na noti ya kutunza, ngoma inapanda.

Na wapigaji tunao. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, mwaka 2007 kikawa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake linafanyika tangu mwaka 1982, na wageni hupanda ndege kuja kulitazama. Waliohitimu pale wengi hawakuondoka. Wamejenga, wameoa, wana vikundi vyao, wanafundisha watoto wetu ngoma kwenye viwanja vya mitaa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliishi na kufanya kazi hapahapa Bagamoyo na zeze lake na ilimba yake, akatoa albamu zilizosikika Ulaya nzima, akafariki mwaka 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha kwa kampuni ya Uingereza. Mzungu wa Bristol anakata tiketi kuwasikiliza watu wa mji huu. Sisi tunaoishi mtaa mmoja nao tunamwita kijana wa kukodisha muziki kutoka Sinza aje na kompyuta, nyimbo zilezile zilizopigwa Jumamosi iliyopita ukumbi wa jirani, kwa mpangilio uleule, na tunamlipia mafuta ya gari kuja na kurudi.

Basi ombi langu kwa kamati ni hili. Katika fungu la muziki na mapambo, kateni sehemu muiweke kwa wasanii wa hapa, na muwapange pale mgeni anapohitaji zaidi: mlangoni, saa 12 jioni. Leo anayefika kwa wakati anaadhibiwa kwa saa tatu za kukaa bure. Wapeni watu hao ngoma, uwanjani, nje ya ukumbi, na maji ya kunywa na kashata au vitumbua vya kutuliza tumbo. Wataongea, watasalimiana, watacheza wenye kucheza. Mkifanya hivyo harusi mbili tatu, neno litaenea, na mtashangaa jinsi watu wanavyoanza kuwahi. Wenye dhamana ya maharusi nao wapeni saa ya kurudi kutoka ufukweni. Picha hamsini zinatosha. Maharusi wakifika, ngoma ileile iwapokee barabarani na iwaingize ndani, wageni wakiwa nyuma yao, badala ya wageni kuketi wakisubiri kuambiwa "wote tusimame".

Kisha chakula. Saa 2 usiku watu wapakuliwe, hata kama nasaha hazijatolewa. Najua hoja inayotolewa kila kikao: watu wakishakula wataondoka. Watakaoondoka ni wale waliochoka, na hao hata sasa wanaondoka, tofauti ni kwamba wanaondoka na njaa. Mtu aliyeshiba hukaa na kusikiliza maneno ya mzee kwa utulivu. Mwenye njaa anatazama upande wa jikoni.

Wapo watakaosema familia yao haipendi ngoma kwa sababu ya dini, nami nawaheshimu. Kuna dufu na kaswida, na vijana wa madrasa za hapa wanaziimba vizuri ajabu. Wakristo wana kwaya zao, na kwaya ikiimba bila spika kubwa ukumbi unatulia wenyewe. Wengine wataniambia vijana wanataka Bongo Fleva na singeli. Wapewe. Singeli ni mtoto wa uswahilini kama mchiriku ulivyokuwa, na harusi ya pwani isiyo na taarabu saa zile za kutunzana sitaitetea mbele ya mtu. Ila vije baada ya chakula, na vije kwa sauti ambayo mtu wa meza ya pili anaweza kuulizia habari za nyumbani akajibiwa. Mtu wa kuziangalia spika asiwe DJ, awe mwanakamati mmoja mzima wa akili, mwenye ruhusa ya kusema punguza.

Hofu ya tatu ni vigodoro. Ni hofu ya haki. Tumeona yanayofanyika mbele ya watoto kwa kisingizio cha mkesha wa harusi, na serikali za mitaa zimefanya vizuri kubana vibali. Lakini msiadhibu mdundiko kwa makosa ya kigodoro. Ngoma inayopigwa saa 12 jioni uwanjani, bibi na mjukuu wakiwa kati, ina ulinzi wake. Kinachokesha na kuwanyima majirani usingizi ni mashine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zimeweka viwango, na vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. Jirani mwenye mgonjwa ndani naye ni mgeni wa harusi yako, hata kama hukumpa kadi.

Nina neno kwa washereheshaji, na nalisema kwa mapenzi maana kazi yao ni ngumu na lawama zote huwaangukia wao. Acheni kumwita mzee katikati acheze asivyotaka ili watu wacheke. Acheni utani wa nani hakumaliza ahadi. Mtu anaweza kuwa ameuza kuku wake wa mwisho kutoa alichotoa. Kabla ya siku yenyewe mtafuteni bibi mmoja wa kila ukoo akae nanyi nusu saa, awape majina na udugu: huyu ni mjomba aliyemlipia karo bibi harusi, yule ni jirani aliyemlea mama yake alipolazwa. Mkimtaja mtu kwa jambo lake mbele ya watu, mmemlisha kuliko pilau. Na utambulisho wa kamati nzima, mmoja mmoja, kwa cheo na kwa shangwe, ufupisheni. Kamati tunawajua. Tumekuwa nao kwenye kundi la WhatsApp miezi minne wakitukumbusha michango.

Tena msisahau mapokezi. Kila kamati ina orodha ya watakaokaa meza kuu, lakini orodha ya watakaopokea wageni haina. Chagueni watu, wakubwa, si watoto waliovalishwa sare tu, wenye kazi moja ya kumpokea anayeingia peke yake. Mjane aliyekuja bila mwenzi, kijana wa kazini asiyemjua mtu, mkwe mpya aliyetoka Bukoba ambaye pilau ya pwani anaionea shaka: hawa wakipelekwa kwenye meza yenye watu wazungumzaji, wameburudika. Wakiachwa wajitafutie kiti nyuma ya nguzo, hata mngeleta bendi mbili hamtawafikia.

Usafiri nitausema kwa ufupi. Usiku daladala za Bagamoyo na Makumbusho huadimika, na bodaboda za saa 7 usiku kwa mama mwenye mtoto mgongoni si jambo la kumwombea mtu. Kodini Coaster moja ya kwenda mpaka Tegeta na muitangaze saa yake tangu kwenye kadi. Fedha yake itapatikana kwenye yale maua ya dari ambayo hakuna aliyeyatazama.

Wenye harusi mwezi ujao mtaniambia bajeti imeshafungwa, mkataba wa ukumbi umesainiwa, na mwenye muziki ameshachukua malipo ya awali. Sawa, ngoma iwe ya harusi ya mdogo wake bibi harusi. Lakini yapo msiyohitaji kuyachangisha hata shilingi. Waambieni wapishi wapakue saa 2, na mwambieni DJ aigeuze ile spika isiielekee meza ya shangazi.